Uradi wa wanawake wa Duisi

"Wewe ni wa vird gani?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa na bibi mmoja katika kijiji cha Duisi, bonde la Pankisi, kaskazini mashariki mwa Georgia. Hakuwa ameuliza bado nimetoka nchi gani, wala kama nina watoto. Mkalimani wangu, binti wa pale pale kijijini, alikwama kwenye neno hilo. Akaanza kunieleza kwa kuzunguka: ni kama ukoo lakini si ukoo, ni watu wanaomfuata mwalimu mmoja, kila mmoja ana namna yake ya kumtaja Mungu. Nikamwambia apumzike, nimeelewa. Mimi mtu wa Tanga. Nyanya yangu alikuwa akivuta uradi kila baada ya alasiri, tasbihi mkononi, na sisi wajukuu tulijua kwamba wakati huo bibi hasemeshwi. "Kadiria," nikajibu. Bibi wa Duisi akaweka mkono kifuani, akasogea kidogo kwenye zulia nipate pa kukaa.

Kazi yangu kwa miaka mingi ni kurekodi na kuchambua dhikri na kasida za wanawake wa mwambao. Watu huniuliza nilikwenda kutafuta nini kwenye milima ya Kaukazi, kwa Wakisti, kabila dogo la asili ya Kichecheni ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili hawajapata kulisikia. Makala haya ni jibu langu, na nitaanzia kwenye neno lile alilonirushia bibi, kwa sababu ndani yake ndimo nilimojifunza mengi kuliko nilivyotarajia.

Vird ya Wachecheni na uradi wetu ni neno moja la Kiarabu. Kwetu limebaki kuwa maneno yanayosomwa kwa mpangilio na kwa wakati wake. Kwao limekua hadi likawa jina la jamaa nzima ya watu: wafuasi wa shekhe fulani, wanaozikana, wanaotambuana kwa kofia, kwa ngoma au kwa namna ya kuzunguka duara. Na si hilo tu. Ukoo mkubwa wa Kichecheni huitwa *teip*, neno ambalo wataalamu wengi hulirudisha kwenye *ta'ifa* ya Kiarabu, yaani taifa letu sisi. Sisi tulilitanua likabeba mamilioni ya watu na bendera, wao wakalibana likatosha watu wanaojuana mababu. Sheria za jadi huitwa *adat*. Sisi tuna ada, ya harusini na ya shuleni. Kaburi la mtu mwema ni *ziyarat*. Kwetu ziara ni ile safari ya kwenda kuzuru, kwao ni mahali penyewe. Nyimbo za dini ni *nazma*, sisi tunasema nadhmu. Na mtu akikushukuru kwa Kichecheni hukwambia *Dela reza hiyla*, Mungu awe radhi nawe. Radhi ile ile tunayoiomba kwa wazazi.

Angalia lakini neno la mbele yake. Dela ni jina la Mungu la Kinakh cha kale, lugha iliyozaa Kichecheni, lililokuwepo kabla ya Uislamu kufika milimani. Halikufukuzwa. Liliketi upande mmoja na Allah, kama Mungu na Mola walivyokaa kwetu, na likafungwa pamoja na radhi ya Kiarabu ndani ya sentensi moja ya shukrani. Nikitaka kumwonyesha mwanafunzi dini na mila zinavyoishi Kaukazi, sihitaji kwenda mbali zaidi ya maneno hayo matatu.

Wakisti ni nani

Wenyewe kwa wenyewe ni Vainakh. *Nakh* maana yake watu, na *vai* ni "wetu", ila Kichecheni kina "wetu" mbili: moja inamtia ndani unayezungumza naye, nyingine inamwacha nje. Vai ni ile inayomtia ndani. Wachecheni na Waingushi, ng'ambo ya kaskazini ya milima, ni Vainakh pia. Wakisti ni tawi lililovuka kuja kusini katika karne ya 19, kati ya miaka ya 1830 na 1870 hivi, familia baada ya familia, kutoka mabonde ya juu ya Chechnya. Wapo waliokimbia kisasi cha damu, wapo waliofukuzwa na uhaba wa ardhi, na wapo waliochoshwa na vita. Wakateremka hadi kwenye bonde la mto Alazani, wakajenga Duisi, Jokolo, Omalo, Birkiani na vijiji vingine vidogo. Leo hawafiki hata 6,000 katika Georgia nzima.

Georgia ni nchi ya Wakristo wa Kiothodoksi, na mkoa wa Kakheti, ambamo Pankisi imo, ni kitovu cha mvinyo wa nchi hiyo. Ukitoka mji wa Akhmeta unaziacha shamba za mizabibu, na baada ya mwendo mfupi unaona msikiti. Wakisti walijifunza Kigeorgia, wakapewa au wakajipa majina ya ukoo yanayoishia na *-shvili*, maana yake mtoto wa. Nyumbani wanazungumza Kichecheni cha lahaja yao, shuleni wanasoma kwa Kigeorgia, na wazee wengi wanajua Kirusi. Mtoto wa miaka kumi hubadilisha lugha mara tatu kati ya jikoni na dukani bila kujua kwamba amefanya jambo kubwa.

Jina hilo la -shvili, pamoja na mpaka, yana historia nzito. Tarehe 23 Februari 1944, Stalin na Beria, mkuu wake wa polisi ya siri, waliwahamisha kwa nguvu Wachecheni na Waingushi wote, karibu nusu milioni, kwa mabehewa ya ng'ombe hadi Kazakhstan na Kyrgyzstan. Walikufa wengi mno, njiani na katika miaka ya mwanzo ya uhamishoni, na waliobaki hawakuruhusiwa kurudi hadi 1957. Wakisti hawakuguswa. Walikuwa ndani ya Georgia, majina yao ni ya Kigeorgia, na mkono wa amri haukuwafikia. Kwa miaka 13 Pankisi ilikuwa miongoni mwa sehemu chache sana za Kaukazi ambako kilugha cha Kivainakh kilisikika kijijini, kwenye ardhi yenyewe. Bibi niliyekaa naye alikuwa mtoto wakati huo. Alisema watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini mwaka mzima.

Mwanaisimu yeyote wa Kiswahili atanisamehe nikisimama hapa kidogo. Kichecheni kina ngeli. Nomino zake zimegawanyika katika makundi sita, na kitenzi, ingawa si kila kitenzi, huvaa mbele yake herufi moja kati ya nne, v, y, b au d, kufuatana na kundi la nomino. Kwa hiyo "ni" ya mwanamume ni *vu*, ya mwanamke ni *yu*, na vitu vingine vina *bu* au *du*. Salamu ya kumpokea mgeni ni *marsha*, amani na uhuru kwa pamoja, ikifuatiwa na kitenzi cha kuja: *marsha voghiyla* kwa mwanamume, *marsha yoghiyla* kwa mwanamke, *marsha doghiyla* kwa wengi. Hapana udugu wowote kati ya lugha hizo na za Kibantu, na sitaki mtu aondoke hapa na nadharia ya uongo. Lakini nilipofafanuliwa mfumo huu na mwalimu wa shule wa Duisi, yeye akitafuta maneno ya kunieleza jambo analodhani ni gumu kwa mgeni, nilimwambia kwetu hata kiti na mti vinadai kitenzi kivae vazi lao. Tulikaa hadi chai ikapoa.

Majirani zao wa kijiji cha Zemo Alvani, Wabatsbi, nao ni wa ukoo huo huo wa lugha, wenye ngeli nane. Hao ni Wakristo, wachungaji wa kondoo wanaopanda na mifugo hadi malisho ya Tusheti kila kiangazi. Lugha yao inakufa. Waliobaki kuizungumza vizuri ni wazee.

Mtu aliyekataza bunduki

Sasa nirudi kwenye vird, maana bila mtu mmoja wa karne ya 19 dhikri ya Duisi haieleweki.

Kuanzia 1834 hadi 1859 Imamu Shamil aliongoza watu wa milimani wa Dagestan na Chechnya dhidi ya jeshi la mfalme wa Urusi. Shamil alikuwa wa tarika ya Nakshbandiya, ambayo dhikri yake ni ya kimya, moyoni, na dola yake ilikuwa ya sharia na nidhamu ya vita. Vijiji viliungua, misitu ilikatwa, watu wakapungua. Katikati ya hayo akatokea kijana wa Kichecheni, mchunga mifugo, Kunta Haji Kishiev, aliyezaliwa karibu na 1830. Alikwenda Makka, akarudi na tarika ya Kadiria, ile ya Shekhe Abdulkadir Jilani aliyezikwa Baghdad, na akaanza kuhubiri jambo ambalo masikio ya wakati huo hayakuwa tayari kulisikia: acheni vita. Vita hii itatumaliza. Jihadi iliyobaki ni ya nafsi. Msaidieni yatima na mjane, msibebe silaha bila sababu, mtajeni Mungu pamoja na kwa sauti.

Shamil aliikataza dhikri hiyo ya sauti na ya kuzunguka. Baada ya Shamil kujisalimisha Agosti 1859, mafundisho yakasambaa kama moto wa nyasi kavu, kwa kuwa watu walikuwa wamechoka. Hapo Warusi nao wakaogopa. Mtu anayehubiri amani lakini anafuatwa na maelfu, wakiapa utii kwake, kwa dola ni hatari hata kama hana bunduki. Januari 1864 walimkamata wakampeleka Ustyuzhna, kaskazini mwa Urusi, mbali na kila anayemjua. Wiki mbili baadaye wafuasi wake walijikusanya karibu na Shali, huko Chechnya, kudai arudishwe, wakasonga mbele na majambia tu mikononi, wakimtaja Mungu. Jeshi likafyatua risasi na mizinga. Waliuawa watu zaidi ya mia, wanawake wakiwemo. Dhikri ya sauti ikapigwa marufuku. Kunta Haji akafa uhamishoni mwaka 1867.

Wafuasi wake wengi hawasemi alikufa. Wanasema amefichwa, na atarudi. Kwa kuwa yeye hana kaburi linalojulikana, watu huzuru la mama yake, Khedi, huko Chechnya, na hilo ni miongoni mwa ziyarat zinazoheshimiwa kupita zote. Mimi naliona jambo hili kuwa kubwa: tarika ambayo mwanzilishi wake hana kaburi, na heshima yake ikahamia kwa mwanamke aliyemzaa. Sishangai kwamba humo wanawake walipata pa kusimama.

Kutoka kwa Kunta Haji yakazaliwa matawi mengi. Wafuasi wa Chimmirza hutumia ngoma. Wafuasi wa Vis Haji, vird iliyozaliwa huko huko uhamishoni Kazakhstan, huvaa kofia nyeupe, na walijulikana kwa kuwaingiza wanawake duarani. Pankisi yenyewe ilipokea kwanza Nakshbandiya mwanzoni mwa karne ya 20, ikiletwa na Isa Efendi, shekhe kutoka upande wa Azerbaijan. Mafundisho ya Kunta Haji yakafika katika miaka ya 1920. Tarika zote mbili zikapata wafuasi, wakati mwingine ndani ya nyumba moja, na hazikugombana.

Wakati huo huo, mbali huku, Kadiria hiyo hiyo ilikuwa ikishuka mwambao wetu. Shekhe Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, aliipandikiza Zanzibar, na kutoka hapo ikaingia bara. Bagamoyo ikapata Shekhe Ramiya, mtu aliyeletwa pwani kama mtumwa kutoka Manyema, akafariki 1931 akiwa mmoja wa viongozi wakubwa wa tarika hii. Matawi mawili ya mti mmoja wa Baghdad, moja likapewa watu walioumizwa na vita, jingine watu walioumizwa na utumwa. Hayakujuana.

Ijumaa, msikiti wa zamani

Duisi ina misikiti miwili. Mpya ni mkubwa, umejengwa mwaka 2000, na huko huswali vijana wengi. Wa zamani ni wa matofali mekundu, una umri wa zaidi ya karne moja, na kila Ijumaa mchana wanawake hukusanyika humo.

Wanakuja mmoja mmoja, wengi wao wazee, vitambaa vyeupe vichwani, sketi ndefu, soksi nene za sufu walizofuma wenyewe. Viatu nje. Wanakaa kwa duara chini, na kiongozi anaanzisha nazma kwa Kichecheni, sauti moja nyembamba inayopanda polepole. Wenzake wanaijibu. Nazma zinasimulia habari za Mtume, za Kunta Haji, za mauti na kaburi. Baadaye inaingia *la ilaha illa Allah*, taratibu kwanza, makofi yakishika mapigo, mwili ukiyumba mbele na nyuma. Makofi hayo si ya kushangilia. Yanapigwa kwa viganja vilivyojaa, yakianguka pamoja, nawe unayasikia kifuani kabla ya masikioni.

Kisha wanasimama. Duara linaanza kutembea kinyume cha saa, hatua ya kuburuta na hatua ya kukanyaga, na baada ya muda hatua inakuwa mbio. Wanawake wa miaka 70 wanakimbia. Sakafu inalia chini ya nyayo. Pumzi zinafupishwa hadi jina la Mungu linabaki kuwa pumzi tu, na hapo mimi nilishikwa na kwikwi, kwa kuwa niliitambua. Kwetu huitwa dhikri ya kukohoa. Nimeirekodi mara nyingi, lakini kwa wanaume. Wanawake wa kwetu mara nyingi tunaisikiliza kutoka nyuma ya pazia, au tunasoma maulidi yetu kwa kukaa.

Mara kiongozi anapiga kofi moja la pekee, duara linasimama, linageuka upande wa pili, linaanza upya. Muda wote kulikuwa na bibi mmoja asiyeweza kusimama. Aliwekewa kiti katikati, na mikono yake ndiyo iliyoshika mapigo. Nilimwuliza baadaye kama haumii moyo kukosa kuzunguka. Akasema, wao wanamzunguka yeye, basi amezunguka.

Watalii sasa hufika kuangalia, wakiketi kando na simu zao. Wengine huandika kwamba ni "ngoma ya Kisufi". Ninyi mnaosoma hapa mnajua tofauti ya ngoma na dhikri, sihitaji kueleza. Wanawake wanawaruhusu kwa sababu mgeni kwa Vainakh hafukuzwi. Ila wanatia udhu kabla ya kuanza, na mwisho wa yote wanainua mikono wakaomba amani. Dua hiyo ndiyo kilele cha mkusanyiko wenyewe. Inarudi moja kwa moja kwa mchungaji yule aliyekataza bunduki.

Na Pankisi imehitaji dua hiyo. Vita vya pili vya Chechnya vilipoanza mwaka 1999, maelfu ya wakimbizi walivuka milima kwa miguu, idadi yao ikakaribia ile ya wenyeji, na kila nyumba ikapokea watu. Pamoja nao wakaja wapiganaji na wafanyabiashara ya magendo, na kwa miaka kadhaa jina la bonde hili lilitajwa kwenye habari za dunia kama pango la magaidi. Miaka ya baadaye vijana kadhaa walikwenda Syria, na mama zao wakabaki kusubiri simu. Sitarefusha habari hiyo. Imeandikwa mno, na wanaoiandika mara nyingi hawajapata kula nyumba hata moja ya Duisi.

Jambo ninalotaka kulieleza zaidi ni mgogoro wa kimya. Vijana wengi wa bonde sasa wanafuata mafundisho ya Kisalafi, na kwao dhikri ya bibi zao ni bidaa. Kuna nyumba ambamo mama anakwenda msikiti wa zamani na mwana wake anakwenda ule mpya. Mjadala huu tunaujua. Tunao Tanga, Mombasa, Zanzibar, kuhusu maulidi na kuhusu kisomo cha arobaini. Nimezungumza na vijana hao na siwezi kuwabeza. Wanasoma Kiarabu, wanaswali kwa wakati, hawanywi, na wanauliza dalili. Wanaona wazee wao walichanganya Uislamu na mengine, na ni kweli: zamani Wakisti walikuwa wakienda na majirani Wakristo kwenye sikukuu ya Alaverdi, kanisa kuu la karne ya 11.

Lakini nina la kusema kwa upande wa bibi. Kwa miaka 70 ya utawala wa Kisovieti hapakuwa na madrasa, vitabu vilifichwa au vilichomwa, na mtu aliyejulikana kuwa mcha Mungu alihatarisha kazi yake. Shahada ilipita wapi katika miaka hiyo? Ilipita katika vinywa vya wanawake, sebuleni, kwa nazma zilizokaririwa bila karatasi. Kijana anayeuliza dalili leo alipata hamu ya kuuliza kwa sababu kulikuwa na mtu nyumbani aliyemtaja Mungu kila Ijumaa. Huo ndio msimamo wangu, na nimewaambia wao kwa uwazi kama ninavyowaambia ninyi.

Siku za kawaida

Mwanamke wa Pankisi huamka na ng'ombe. Akishakamua anatengeneza jibini, na jibini laini likichanganywa na siagi huliwa na *siskal*, mkate wa unga wa mahindi, mgumu kiasi, ambao mtu wa ugali ataupenda kwa siku ya kwanza. Siku ya mgeni hupikwa *zhizhig galnash*: nyama iliyochemshwa, matonge madogo ya unga yaliyofinyangwa kwa vidole kimoja kimoja, na bakuli la mchuzi wa vitunguu saumu. Galnash zinataka mikono mingi, hivyo ndipo habari zote za kijiji hupita. Mwanzo wa kiangazi wanachuma majani yale yanayowasha, Wakikuyu huyaita thabai, wanayajaza ndani ya khinkali, vitonge vya unga vya Kigeorgia, badala ya nyama. Wana bia yao pia ya kienyeji isiyolevya, na ukikataa glasi ya pili utaulizwa kama unaumwa.

Sufu ya kondoo hufanywa *istang*, zulia la sufu iliyoshindiliwa. Sufu huoshwa mtoni, huchambuliwa, hutandazwa kwa rangi kufuata ruwaza, humwagiwa maji ya moto, kisha wanawake wanne au watano huikunja na kuiviringisha kwa mikono mpaka nyuzi zishikane zisiachane tena. Hakuna sindano, hakuna kitanda cha kufumia. Siku hizi kazi hii na nyumba za wageni, ambazo karibu zote huendeshwa na wanawake, ndizo zinazoingiza fedha.

Mtu mzima akiingia, wote husimama. Si wazee tu wanaosimamiwa. Hata mgeni kama mimi. Mkwe halitaji jina la baba mkwe. Na harusini kuna jambo lililonigusa: bibi arusi hukaa pembeni siku hiyo, ameinamisha kichwa, hasemi, huku bwana arusi hayuko kabisa kwenye sherehe, amejificha kwa rafiki yake kwa staha. Bibi arusi anabaki kimya mbele ya wanaume wa nyumba mpya hadi ifanyike *mott bastar*, kufungua ulimi. Wakwe wanamwomba maji, wanamtania, wanamtunza fedha, yeye kimya, hadi mwishowe anamnyooshea mmoja wao bakuli na kumkaribisha anywe. Baada ya hapo anaruhusiwa kusema nao. Anayekumbuka kipamkono cha harusi zetu ataelewa mantiki yake.

Ulimi huo ukishafunguliwa una nguvu. Kwa adat, wanaume wakishikana kwa majambia, mwanamke akivua kitambaa chake cha kichwa na kukitupa kati yao, lazima waachane. Kisasi cha damu hakijafutika Kaukazi, na mapatano yake huitwa *maslaat*, maslahi yetu hayo, ila kwao yana maana ya suluhu ya damu. Zamani mapatano yalikuwa kazi ya baraza la wazee wanaume. Mwaka 2011 wanawake wa Pankisi waliunda baraza la wazee lao wenyewe, linaloshughulikia magomvi ya ndoa, talaka, watoto, na unyanyasaji ambao awali ulifunikwa kwa jina la heshima ya ukoo. Kiongozi mmoja wa baraza nilimwona Ijumaa ile ile duarani, akikimbia na wenzake.

Kabla sijaondoka niliwasikilizisha kwenye simu rekodi yangu ya maulidi ya wanawake wa Tanga. Walisikiliza hadi mwisho, vichwa vimeinama, bibi wa kiti akitafuta mapigo kwa kidole juu ya goti. Akauliza kama nao husimama. Nikasema, kwa kiamu wanasimama, lakini hawakimbii. Akafikiri, akasema labda kwao kuna joto.

Ijumaa ya mwisho, walipofika kwenye dua, waliomba amani kwa Pankisi, kwa Georgia, kwa Chechnya, kwa wana walio mbali. Kiongozi akafumbua macho, akanitazama, akauliza mji wetu unaitwaje. Nikamwambia. Wakalijaribu neno ulimini mara mbili, Tanga, Tanga, wakaendelea.